Je, Wajua? Kaka, Dada na Mwenye Duka katika Vyuo vya China

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa uzamili au uzamivu nchini China mara nyingi humwita profesa anayemsimamia "laoban", neno lile lile analomwitia mwenye duka la tambi mtaani? Usoni pake atasema "laoshi", mwalimu. "Laoban" ni la bwenini, wenyewe kwa wenyewe. Nalo lina sababu: profesa ndiye anayeleta fedha za mradi, na posho ya mwanafunzi kwa kawaida ina sehemu inayotoka katika fungu hilo.

Je, wajua kwamba wote wanaosoma chini ya profesa mmoja huhesabiana ndugu? Jamaa yao huitwa "shimen", mlango wa mwalimu. Aliyekutangulia kuingia mlangoni ni "shixiong", kaka, au "shijie", dada. Aliyekuja nyuma yako ni mdogo wako, "shidi" akiwa mwanamume, "shimei" akiwa mwanamke. Kinachotazamwa sana ni mwaka wa kuingia, si mwaka wa kuzaliwa, hivyo mtu wa miaka 35 aliyeacha kazi akarudi chuoni anaweza kujikuta akimwamkia kijana wa miaka 24 kama kaka yake. Mpenzi wa filamu za kung fu ameyasikia maneno haya mara nyingi bila kujua, kwani ndivyo wanavyoitana wanafunzi wa mwalimu mmoja wa mapigano. Hata mke wa profesa ana cheo chake: "shimu", mama.

Na ndugu hao ndio wenye kazi. Profesa mwenye wanafunzi wengi huonekana zaidi kwenye "zuhui", kikao cha kundi, mara nyingi cha kila wiki, ambapo kila mmoja kwa zamu yake hueleza utafiti wake umefika wapi. Mashine inawashwaje, kemikali iko kabati gani, profesa akinyamaza ana maana gani: hayo utafundishwa na shijie.

Wa shahada ya kwanza wana mlezi mwingine, "fudaoyuan". Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, kiliuanza mtindo huo mwaka 1953 kwa kuwateua wanafunzi hodari wa miaka ya juu, wabebe masomo bega moja na siasa bega la pili. Leo kanuni inataka awepo angalau mmoja kwa kila wanafunzi 200. Mgonjwa, aliyekwama ada, waliogombana bwenini, wote ni wake.

Je, wajua kwamba Wizara ya Elimu ililazimika kumwekea laoban mipaka? Novemba 2020 ilitoa mwongozo wa vipengele 8 kwa wasimamizi: wasimtume mwanafunzi shughuli zisizohusiana na masomo wala utafiti, wasimcheleweshe kuhitimu kiholela, wasimdhalilishe. Mambo hayakatazwi kwa maandishi kama hayatendeki.

Na shimen nayo huweza kumgeukia laoban: Januari 2024, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, mjini Wuhan, wanafunzi 11 wa profesa mmoja wa lishe ya mifugo walitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 100 wakimshutumu kwa kughushi data. Hawakujificha, waliweka majina yao. Mwezi uliofuata chuo kilimfuta kazi.