Pete ya kulamba, lolipop ya betri: Mchezo ndio unaouzwa, si sukari

UKISHUKA matatu steji ya Ruiru jioni, au ukipenya katikati ya vibanda vya Jamhuri Market mjini Thika, utagundua kuwa peremende siku hizi hazitulii mtungini zikisubiri mteja. Kuna pete yenye jiwe la kulamba. Kuna lolipop inayowaka taa, na nyingine inayozunguka yenyewe ukibonyeza kitufe. Kuna kichupa cha maji matamu chenye gololi mdomoni, kama zile bano za mtaani, inayobingirika ukiilamba. Kuna na ule unga unaopigapiga ulimini kama mvua juu ya mabati.

Ukiondoa plastiki, betri na rangi, sukari inayobaki ni ya shilingi chache mno. Anayetoa pesa hapo hanunui utamu, ananunua mchezo. Vijana wengi wanaohasla kandokando ya Thika Road wameling'amua hilo mapema. Kinachosahaulika ni kwamba ukiuza mchezo, lazima uukague kama mchezo pia, si kama chakula pekee.

Utundu wa tangu zamani

Jambo hili si geni kwetu. Big G haikutafunwa tu, ilipulizwa hadi puto likapasukia usoni. Goody Goody ilivutwa kwa meno hadi ikawa kamba. Mabuyu kutoka Pwani yalipendwa kwa uchachu wake, lakini raha yenyewe ilikuwa kutoa ulimi mwekundu na kuulinganisha na wa mwenzako.

Ng'ambo, utundu huo uligeuzwa kuwa viwanda. PEZ ilianza jijini Vienna, Austria, mwaka wa 1927 kama peremende ya mnanaa ya watu wazima. Mwaka wa 1949 ikaundiwa kikasha kinachofanana na kiberiti cha gesi. Ilipoingia Marekani miaka ya 50, kikasha kikawekewa kichwa cha kikaragosi, na watoto wakaichangamkia. Leo kuna watu wazima wanaokusanya vikasha hivyo bila hata kuonja peremende yenyewe.

Ule unga unaopasuka mdomoni nao ulitoka kwa mwanakemia William Mitchell wa kampuni ya General Foods, Marekani, aliyepewa hataza mwaka wa 1961. Siri yake ni rahisi: sukari iliyoyeyushwa hukandamizwa pamoja na gesi ya kaboni dioksidi, ile ile iliyo kwenye soda, kisha hupozwa gesi ikiwa imenaswa ndani. Mate yakiyeyusha sukari, gesi hutoroka kwa kishindo.

Kisa cha John Osher ndicho kinachofaa kumwamsha kijana mwenye wazo. Katika miaka ya 90, yeye na wenzake walitengeneza Spin Pop, lolipop inayozungushwa na mota ndogo ya betri. Baadaye wakajiuliza mota hiyo ya bei rahisi inaweza kufanya nini kingine. Jibu likawa mswaki wa betri, SpinBrush, ambao kampuni ya Procter & Gamble iliununua mwaka wa 2001 kwa takriban dola milioni 475. Kifaa kilichokuwa kikiozesha meno kikageuka cha kuyasafisha!

Mashine inayolisha mtu

Kwa hapa kwetu, kifaa cha peremende kinachoweza kumpa kijana riziki haraka ni mashine ya pamba ya sukari, au kendiflosi kama wengi wanavyoiita. Nayo, usicheke, ina mkono wa daktari wa meno. William Morrison wa Nashville, Marekani, aliibuni mwaka wa 1897 akishirikiana na mtengenezaji peremende John Wharton. Katika maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka wa 1904, waliuza vifurushi 68,655 kwa senti 25 kila kimoja, ilhali kiingilio cha maonyesho yenyewe kilikuwa senti 50.

Watu walilipa hivyo kwa sababu walitaka kuona. Sukari huyeyuka kwenye kikombe chenye moto, kikombe kinazunguka kwa kasi, na sukari inarushwa nje kupitia vitundu vidogo. Ikigusana na hewa baridi, inaganda papo hapo kuwa nyuzi. Ndiyo maana muuzaji anayesokota pamba mbele ya umati huvutia kuliko aliyebeba mifuko iliyofungwa tayari.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme umenunua kilo moja ya sukari kwa Sh160, na kila mfuko unachukua gramu 25. Utapata mifuko 40, sukari ya kila mmoja ikiwa ni ya Sh4. Ukiuza kwa Sh20, kilo hiyo inakuletea Sh800. Lakini usianze kusherehekea, kwa sababu kuna gesi au stima, vijiti, vifungashio, rangi, nauli na bei ya mashine. Kuna pia hali ya hewa: nyuzi hizo hunyonya unyevu, na siku ya manyunyu pamba hunywea ukiwa bado unatafuta mteja. Anayetegemea barabara pekee atayumba. Anayetafuta oda za bathdei, siku za kufunga shule na sherehe za kanisani ana uhakika zaidi, maana huko analipwa kabla ya kuwasha mashine.

Kabla ya yote, pitia afisi za Kaunti ya Kiambu uulizie leseni ya biashara na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Ulizia pia kuhusu vifungashio, kwa sababu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017 bado ipo. Na rangi iwe ya chakula. Rangi ya mikeka haina nafasi tumboni mwa mtu.

Kagua mchezo wenyewe

Sasa tuje kwa jambo zito. Mwaka wa 2023, mtoto wa miaka saba alifariki huko New York baada ya gololi ya peremende ya kulamba kuchomoka na kumziba koo. Oktoba mwaka huo bidhaa hiyo iliondolewa sokoni. Kampuni ya Candy Dynamics nayo ikaondoa takriban chupa milioni 70 za Slime Licker, kwa sababu gololi zake zingeweza kuchomoka vivyo hivyo, ingawa hakuna aliyekuwa ameripotiwa kuumia kwa chupa hizo.

Peremende za taa nazo zina hatari yake. Nyingi hutumia betri ndogo ya duara mfano wa kitufe. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Hapo hakuna kungoja ateme. Ni kukimbia hospitalini mara moja.

Kwa hivyo, kabla ya kununua katoni ya kuuza, fungua moja. Vuta gololi kwa nguvu. Jaribu kufungua kifuniko cha betri kwa kucha. Kikifunguka bila bisibisi, rudisha. Peremende za umbo la sigara achana nazo kabisa, kwani Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza peremende na vichezeo vinavyoiga bidhaa za tumbaku.

Angalia pia alama ya KEBS. Kwa bidhaa zilizotengenezwa nchini, andika SM#, ufuatishe nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, kisha utume kwa 20023. Jibu litakuonyesha ikiwa kibali hicho ni halali na ni cha nani. Pakiti isiyo na alama, isiyo na tarehe na yenye maandishi usiyoweza kuyasoma, mwachie mwenyewe hata akikupunguzia bei.

Wateja wa biashara hii ni wadogo, na wengi ni watoto wa ploti jirani. Mama zao wanajua kibanda chako kilipo.