Je, Wajua? Jenerali Aliyeandaliwa Kuwa Padri

Je, wajua kuwa Jean-Baptiste de Rochambeau, jenerali Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani kupata uhuru, alikuwa akisomeshwa awe padri? Alizaliwa Vendôme mwaka 1725. Kaka yake alipofariki aliacha masomo ya dini, na mwaka 1742 akaingia jeshini kama askari wa farasi. Alijeruhiwa vitani Laufeldt mwaka 1747, na tena Clostercamp mwaka 1760.

Mwaka 1780, akiwa na miaka 55, alitia nanga Newport, Marekani, na askari wapatao 5,500 kuwasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru dhidi ya Waingereza. Hapo ndipo ukubwa wake ulipoonekana. Alimzidi George Washington, kamanda wa jeshi la Wamarekani, kwa mbali katika uzoefu wa kuzingira ngome, lakini alikubali kuwa chini ya amri yake bila kinyongo. Majeshi yao yalikwenda pamoja hadi Virginia, yakaizingira Yorktown kwa msaada wa manowari za Ufaransa, na tarehe 19 Oktoba 1781 Waingereza wakasalimu amri.

Alipandishwa cheo kuwa Marshali wa Ufaransa mwaka 1791. Miaka michache baadaye wanamapinduzi wa Ufaransa walimtia gerezani, akaponea chupuchupu kukatwa kichwa. Alifariki mwaka 1807, akiwa na miaka 81.