Mteja Asiyebisha Hodi: Utata wa 'Seva' na 'Mteja' katika Programu za Nakala Rudufu

Istilahi seva na mteja zimeingia katika Kiswahili cha kompyuta kwa njia mbili: ya kwanza imetoholewa kutoka Kiingereza, ya pili ni neno la sokoni lililopanuliwa maana. Kiasili zote hutaja dhima, si mashine. Mteja ni programu inayoanzisha maombi. Seva ni ile inayosubiri kuyajibu. Hata hivyo, maofisini seva ni kompyuta yoyote inayofungiwa chumba chake.

Programu za nakala rudufu ndizo zinazoudhihirisha mkanganyiko huu. Tuchukulie kompyuta ya ofisi iliyoko Mpui, ambayo faili zake hunakiliwa kila usiku katika mashine iliyoko Sumbawanga mjini. Katika programu ya Bacula, kompyuta ya Mpui huitwa mteja, kwa kuwa ndiyo inayohudumiwa. Lakini mteja huyu habishi hodi: husubiri kwenye porti 9102 hadi programu inayoratibu kazi imwite. Kwa kigezo cha nani anayeanzisha mawasiliano, basi, Mpui ndiyo seva. Na ikiwa kompyuta hiyo hiyo hutunza kumbukumbu za ofisi nzima, watumishi wake wameshazoea kuiita seva.

Sarufi nayo huongeza utata. Mteja ni nomino ya ngeli ya A-WA. Agizo kwamba 'mteja achaguliwe kabla ya kurejesha data' halibainishi iwapo anayechaguliwa ni mtu au kompyuta. (Mitaani nchini Kenya neno hili limekwenda mbali zaidi: simu isiyopatikana 'ni mteja', maana iliyozaliwa na tangazo la kampuni za simu.) Seva, kwa upande wake, haina mzizi wa kitenzi unaomdokezea msomaji maana. Athari zake si za kinadharia tu: anayedhani kuwa seva ni kompyuta ya ofisi aweza, wakati wa kurejesha, kuandika faili za juzi juu ya za leo.

Mkulima wa Ufipa apelekaye mahindi ghalani haulizi nani mteja. Shamba na ghala humtosha. Vivyo hivyo, kompyuta chanzo na kompyuta ghala zingetaja mahali data ilipo badala ya uhusiano wa kibiashara, na mwelekeo unapogeuka, ghala hubaki ghala. Seva na mteja zingebakia katika maelezo ya itifaki, ambako anayeomba na anayesubiri hawana budi kutofautishwa.