Mzigo Uliofungwa Ndani ya Meno ya Keekee

Mwiki, ile ya upande wa Ruiru nchini Kenya, imekaa juu ya mawe yaliyotapikwa na volkano. Mwenye ploti akitaka kisima kirefu huita lori la kuchimbia, na kazi yote huangukia kichwa cha keekee kilichopachikwa vinundu vya kijivu. Vinundu hivyo si chuma cha kawaida. Ni chembe za tangsteni kabidi zilizoshikanishwa kwa kobalti, mchanganyiko uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1920. Kobalti nyingi ya dunia hutoka kusini mwa Kongo, Kolwezi na viunga vyake, ambako Kiswahili ndicho lugha ya machimboni.

Kinachonistaajabisha ni kwamba kinundu kipya, kabla hakijagusa jiwe, tayari kimebeba mzigo. Huokwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,400 za Selsiasi. Kinapopoa, kobalti hutaka kusinyaa zaidi ya mara mbili ya kabidi, lakini vimeng'ang'aniana na hakuna kinachoweza kujiendea. Kobalti hubaki imevutwa, kabidi imebanwa. Kubanwa huko ni heri, maana ufa hupata taabu kufunguka mahali palipobanwa.

Mikazo hiyo hupimwa kwa kutazama nafasi kati ya safu za atomu, kwa kanuni iliyowapa Lawrence Bragg na babake Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Eksirei huishia kwenye ngozi ya kabidi, mikromita chache tu, na ngozi hiyo huwa imeshavurugwa na jiwe la kunolea. Nyutroni hupenya hadi ndani. Hapa Afrika, kifaa cha kazi hiyo kipo Pelindaba, Afrika Kusini, kwenye tinuri ya nyuklia ya SAFARI-1 iliyowashwa mwaka 1965.

Ugumu upo kwenye kipimo cha kulinganishia. Badiliko la nafasi hiyo linalotafutwa halifiki sehemu 1 katika 1,000, kwa hiyo hupimwa pia unga wa kabidi ambao haujashikanishwa na chochote. Kobalti yenyewe ni kidogo na hutoa ishara hafifu, lakini hesabu huiumbua: nguvu za ndani lazima zilingane. Ikiwa kobalti ni sehemu moja kwa tano za kabidi, na kabidi imebanwa kwa wastani wa megapaskali 400, basi kobalti imevutwa kwa 2,000.

Nyundo ya hewa inapogonga keekee kisimani, kobalti hunyumbuka kidogo bila kurudi, na mizani hiyo hujipanga upya. Ndiyo sababu kinundu kilichotumika hustahili kupimwa sawa na kipya.