KUTANGAZA SAFU KATIKA FORTRAN

Sisi tuliokulia Kilembe twaujua mto Nyamwamba. Mwezi wa Mei 2013, na tena Mei 2020, ulifurika ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali. Kwa hiyo kuweka hesabu ya mvua si mchezo. Hata leo hesabu nyingi za utabiri wa hali ya hewa duniani hufanywa kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957. Napenda kuwaeleza jambo moja tu la lugha hiyo, nalo ni kutangaza safu.

Safu ni nafasi nyingi zilizopangwa mfululizo chini ya jina moja, kama vitanda vya bweni, kila kimoja na namba yake. Kabla shule haijafunguliwa, yafaa mwalimu ajue ni vitanda vingapi na vya nani. Vivyo hivyo mwanzoni mwa programu huandikwa:

REAL MVUA(31,12)

Yaani siku 31 kwa miezi 12, jumla nafasi 372. Neno REAL huonyesha kwamba namba zake zina desimali.

Kwanza, angalieni aina. Kwa desturi ya Fortran, jina lisilotajiwa aina, likianza na herufi yoyote toka I hadi N, huhesabiwa kuwa la namba kamili. Basi mvua, mto na maji yote yamo hatarini! Ukiandika DIMENSION MVUA(31,12) peke yake, kisha ukaiwekea milimita 12.7, itabaki 12. Ndiyo sababu mimi huanza kila programu kwa IMPLICIT NONE, ili kila jina lazima litajiwe aina yake.

Pili, angalieni ukubwa. Tuseme umetangaza MVUA(30,12). Fortran hupanga mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo tarehe 31 Mei haina kitanda chake, nayo hulala katika kitanda cha tarehe 1 Juni. Ukiandika mvua ya Juni, ile ya Mei inafutika. Kwa kawaida kompyuta hailalamiki, isipokuwa umeiamuru ikague mipaka ya safu.

Tatu, nafasi zisizo na siku, kama 30 Februari, zijazeni -1 kwanza, maana hakuna mvua iliyo chini ya sifuri.

Wadogo zangu, kompyuta ni mtumishi mtiifu, lakini haiulizi ulikusudia nini. Hesabuni siku kwanza, ndipo mtangaze.