Mtoto asiyeona vizuri anaomba masaa ngapi ya mwalimu kwa juma?

Mtoto kipofu, ao mwenye macho zaifu, akipelekwa masomo, swali la kwanza la wazazi ni kama watampokea. Direkta akijibu ndiyo, wengi wanashukuru na kurudi nyumbani. Lakini kuna swali la pili lenye watu kidogo tu wanauliza, na ndilo linaamua kama mtoto atasoma kweli ao atakaa tu kwenye benchi kusikiliza wenzake: kila juma, mwalimu mwenye kujua kufundisha vipofu atakaa naye masaa ngapi?

Kwa upande wa sheria, inchi yetu haikunyamaza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure kwenye shule za serikali. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 cha mapatano hayo kinataja wazi kufundisha breli na kutafuta walimu wenye kuijua. Tena, tarehe 3 Mei 2022, ilitolewa sheria n° 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye kuishi na ulemavu. Hiyo yote ni mizuri. Lakini hakuna sheria yenye inaandika kwenye ratiba ya kalasi kwamba Siku ya Tatu saa mbili mwalimu fulani yuko na mtoto fulani. Kazi hiyo inabakia kwetu.

Kwanza macho yapimwe

Kabla ya kuhesabu masaa, inapaswa kujua mtoto anaona kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linahesabu mtu kuwa na macho zaifu kama jicho lake la nafuu halifike 6/18. Maana yake ni hii: kitu chenye mwingine anaona akiwa metre 18, yeye anapaswa kukikaribia mpaka metre 6. Chini ya 3/60, anahesabiwa kuwa kipofu.

Munganga wa macho ndiye wa kwanza, hapana mwalimu. Kuna watoto wenye wanaitwa wavivu ao wajinga kalasini, kumbe hawaone tablo. Wakipata maluneti, shida inaisha. Mtoto kama huyo haombe mwalimu wa pekee, anaomba maluneti. Mwingine ana mtoto wa jicho, na operasyo inaweza kumsaidia. Masaa tunayozungumzia hapa ni ya wale ambao, hata kisha dawa, operasyo na maluneti, macho hayatoshe kwa kusoma sawa wengine.

Kosa la kuhesabu kwa kutazama macho peke yake

Watu wengi wanafikiri hivi: mwenye kuona kidogo zaidi apewe masaa mengi zaidi. Inaonekana kuwa haki, lakini haiko hivyo. Masaa hayapimwe kwa giza lenye liko ndani ya macho. Yanapimwe kwa vitu vyenye mtoto bado hajajifunza na vyenye hawezi kujifunza bila mwalimu huyo.

Tutwae mfano wa watoto watatu wa muji wetu wa Kolwezi.

Wa kwanza ni msichana wa miaka 7, kipofu tangu kuzaliwa, anaanza kalasi ya kwanza. Hajui breli hata herufi moja.

Wa pili ni kijana wa miaka 16, kipofu vilevile, yuko sekondari. Breli anaisoma mbio, anatembea peke yake mpaka masomo, simu yake inamsomea ujumbe kwa sauti.

Wa tatu ni mtoto wa miaka 10 mwenye ualbino. Anasoma kitabu akikikaribisha kwenye uso, lakini tablo haioni na mwangaza wa jua unamuumiza.

Kama tunatazama macho peke yake, wa kwanza na wa pili wako sawasawa. Lakini kwa masaa, wako mbali kabisa. Kijana anaweza kutosheka na masaa mawili kwa juma, ya kutayarisha vitabu vyake na kumfundisha vyombo vipya. Mtoto mwenye ualbino pengine anaomba nusu saa tu, na sehemu kubwa ya ile nusu saa ni ya kuzungumza na mwalimu wake wa kalasi: amkalishe mbele, mbali na dirisha lenye jua, amwachie kuvaa kofia, na asome kwa sauti kila kitu chenye anaandika kwenye tablo. Msichana wa miaka 7 yeye anamuomba mwalimu kila siku.

Juu ya nini kila siku?

Mtoto mwenye kuona anakutana na herufi mbele hata ya kuingia masomo. Anaziona kwenye ukuta wa butike, kwenye mufuko wa unga, kwenye mwavuli wa mwenye kuuza unite. Mtoto kipofu hakutani na herufi hata moja mpaka mtu aiweke chini ya kidole chake. Breli, yenye Mufaransa Louis Braille alitangaza mwaka 1829, ni alama za nukta 6. Nukta hizo ni ndogo, na kidole kinapaswa kuzizoea pole pole, sawa vile mpiga gita anazoea nyuzi. Ukimfundisha mtoto Siku ya Kwanza halafu unarudi juma linalofuata, kidole kimekwisha kusahau.

Mwaka 2000, watafiti wawili wa Amerika ya Kaskazini, Alan Koenig na Cay Holbrook, waliuliza kundi la wajuzi wa breli ni muda gani unatosha. Jibu kwa watoto wenye kuanza lilikuwa saa moja na nusu mpaka masaa mawili kila siku, katika miaka ya kwanza ya masomo. Kwa siku tano, hiyo ni masaa 7 na nusu mpaka 10 kwa juma, kwa mtoto mmoja.

Tena kuna mtoto wa ine, mwenye anasahauliwa mara nyingi: yule anayeona leo, lakini munganga amesema macho yake yanaendelea kupunguka. Anaweza kuwa anaona kupita mtoto mwenye ualbino. Hata hivyo anaomba masaa mengi zaidi yake, kusudi ajifunze breli na kutembea na fimbo nyeupe wakati bado anaona. Kungojea mpaka giza liingie ni kumpotezea miaka.

Breli peke yake haitoshe

Kule Marekani, shule ya vipofu ya jimbo la Texas, katika muji wa Austin, ilitengeneza karatasi ya kuhesabia masaa, yenye wanaita VISSIT. Ilitengenezwa kwa ajili ya walimu wa kuzunguka, maana yake wale wenye hawana kalasi moja, wanatembelea watoto kwenye mashule mbalimbali. Mwalimu anapima mahitaji ya mtoto kwa alama, eneo kwa eneo, na jumla ya alama inamwonyesha muda wa kupendekeza. Karatasi inatenga aina mbili za kazi: masaa ya kumfundisha mtoto mwenyewe, na masaa ya kusaidia watu wenye wanaishi naye, ni kusema mwalimu wa kalasi na wazazi.

Maeneo yenye yanapimwa ni yale 9 yenye wajuzi wa elimu ya vipofu wamekubaliana: kusoma na kuandika kwa njia yenye kumfaa mtoto, kutembea na kujua fasi alipo, kuishi na wenzake, kazi za nyumbani sawa kuvaa, kupika na kufua, michezo, kujitayarisha kwa kazi ya kesho, vyombo vya kusaidia, kutumia vizuri macho kidogo yenye yanabakia, masikio na mikono, na kujisemea mwenyewe haki yake.

Mutu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini tutazame eneo moja tu, la kutembea. Kolwezi ni muji wenye kuishi katikati ya machimbo. Malori makubwa yanapita kwenye barabara. Kule Kasulo, watu walichimba kobalti hata ndani ya maparseli yao. Mtoto kipofu anapaswa kujua njia ya nyumbani mpaka masomo hatua kwa hatua: mufereji uko wapi, shimo liko wapi, fasi gani ya kuvuka. Somo hilo haliwezi kufundishwa ndani ya kalasi. Linafanyika kwenye njia yenyewe, na mwalimu pembeni, tena na tena. Na familia ikihama kufuata kazi, kutoka Musonoi kwenda Fungurume kwa mfano, njia yote inajifunzwa upya. Kama ratiba ya mtoto haina saa ya fimbo, basi mtu wa kumshika mkono anapaswa kumfuata kila siku, na mara nyingi huyo ni dada yake mdogo mwenye naye anakosa masomo.

Hesabu ya mwalimu mmoja

Sasa tuhesabu. Tuseme mwalimu mmoja wa kuzunguka ana masaa 30 ya kazi kwa juma. Msichana wa miaka 7 anachukua 10 ya breli na 2 ya fimbo. Kijana anachukua 2. Mwenye ualbino, nusu saa. Kutoka Kapata mpaka upande mwingine wa muji kwa pikipiki, kwenda na kurudi, tuweke saa moja kila siku: masaa 5. Jumla ni 19 na nusu. Yanabakia masaa 10 na nusu, na ndani yake kuna kuandika vitabu kwa breli, kazi yenye kula muda sana. Mtoto mwingine mmoja mwenye kuanza breli akija, mwalimu amejaa. Hatujagusa Lubudi wala Dilolo.

Majirani zetu walikutana na shida hii mbele yetu. Kenya ilianza na shule ya bweni ya Thika, yenye Jeshi la Wokovu lilianzisha mwaka 1946, kisha ikaongeza walimu wa kuzunguka kusudi watoto wasome karibu na kwao. Uganda vilevile ina walimu hao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walioandika juu ya Uganda mwaka 2011, walionyesha kwamba walimu hao bado walikuwa na kalasi zao za kufundisha, na muda wa kutembelea watoto ulikuwa kidogo. Jina la mwalimu lilikuwapo. Masaa ndiyo yalikosekana.

Njia moja ya katikati ni kuwakusanya watoto wenye kuanza breli kwenye shule moja ya muji kwa miaka ya kwanza, kusudi mwalimu asipoteze masaa kwenye njia, kisha kila mmoja arudi kusoma karibu na nyumbani kwao. Haiko njia kamili, sababu kuna familia zenye kukaa mbali. Lakini inaweza kuzungumzwa kama tu mtu amehesabu.

Namba mbili, hapana moja

Hapa ndipo kosa kubwa linafanyika. Mwalimu ana nafasi ya saa moja, basi kwenye karatasi ya mtoto wanaandika: "anaomba saa moja." Siyo kweli. Mtoto anaomba kumi. Mwalimu ana moja. Ukiandika moja peke yake, yale tisa yamefichwa. Mwaka wa mwisho, mtoto akishindwa, watasema akili yake ni kidogo.

Ndiyo maana inafaa kuandika namba mbili, moja pembeni ya ingine: masaa yenye mtoto anaomba, na masaa yenye alipata. Tofauti ya namba hizo ndiyo komite ya wazazi inaweza kupeleka kwa direkta, direkta kwa inspekteri, na inspekteri kwa wakubwa wa elimu wa jimbo. Ukisema "tunaomba msaada kwa vipofu" utajibiwa "tutaona." Ukisema "watoto wetu wanne wanakosa masaa 22 kila juma," unaomba mwalimu mmoja, na kila mtu anaelewa.

Kwa muzazi mwenye mtoto kwenye hali hii, maswali ya kubeba kwenye masomo ni haya:

– Mutoto wangu anapaswa kujifunza nini mwaka huu, mbali na masomo ya kila mtu?
– Kila kimoja kinaomba masaa ngapi kwa juma, na nani atakifundisha?
– Katika masaa hayo, atapata ngapi kweli?
– Mwalimu wake wa kalasi, nani atamwonyesha namna ya kumsaidia?
– Tutahesabu upya lini?

Swali la mwisho lisisahauliwe. Hesabu inarudiwa angalau kila mwaka, na mara moja kama macho yamebadilika, kama mtoto anaingia sekondari, ao kama familia imehama. Msichana wetu wa miaka 7, akifundishwa kila siku sasa, akifika miaka 12 hataomba tena masaa kumi ya breli. Masaa hayo yatabakia kwa mtoto mwingine mwenye kuanza.