Nyota Haisafishwi: Tuijue Sirius

Kwenye nguzo za stima hapa Nairobi huwa tunaona makaratasi yamebandikwa: mganga anatangaza kwamba atakusafishia nyota, upate kazi, mchumba au wateja. Kabla hujampelekea pesa ya karo, hebu tuulize kwanza: nyota ni kitu gani?

Tuchukue moja tu, Sirius. Mwezi wa Februari, saa tatu usiku, toka nje mbali na taa za barabarani, uangalie juu, upande wa kusini kidogo. Hakuna nyota ya usiku inayong'aa kuishinda. Zuhura na Mshtarii huipita, lakini hizo ni sayari; mwanga wao ni wa kuazima kutoka kwa jua.

Nyota ni jua lililo mbali. Sirius ni mpira wa gesi ya moto. Uzito wake ni kama mara mbili ya jua letu, na mwanga wake mara 25. Joto lake tunalijua kwa rangi. Fundi wa jua kali anaelewa: chuma kikipata moto huwa chekundu, halafu cha manjano, na moto ukizidi huwa cheupe. Sirius ni nyeupe. Usoni ina karibu digrii 10,000 za Selsiasi. Jua letu lina kama 5,500. Na ikimetameta, si ishara ya mtu. Ni hewa yetu inayotikisa mwanga wake.

Tena haiko peke yake. Mwaka wa 1862, Mmarekani Alvan Graham Clark aliona kando yake nyota hafifu. Ukubwa wake ni kama wa dunia, lakini uzito unakaribia wa jua! Hilo ni kaa lililobaki baada ya nyota kumaliza kuni zake.

Mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Wa Sirius, ingawa ni jirani, huchukua miaka 8 na nusu. Mwanga utakaouona leo ulianza safari kabla mtoto wa gredi ya pili hajazaliwa.

Sasa jamani, mganga ataifikia kwa ndoo gani? Nyota hiyo si ya mtu. Inawaangazia watu wa Loresho na wa Kangemi sawasawa. Tusome Isaya 47:13 juu ya wanaotafuta wokovu kwa watazama nyota. Mwenye shida aje tuombe na kushauriana, na karo ibaki kuwa karo.